Dole Gumba

Msichana wa kaunta alinipa tishu. "Mama, futa kidole vizuri, halafu weka tena." Nikafuta. Nikaweka dole gumba la kulia kwenye kile kioo kidogo chenye mwanga, nikakandamiza. Akaangalia simu yake, akatikisa kichwa. Tukaenda kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Tukahamia mkono wa kushoto. Ilikuwa Desemba 2019, siku zile kila mtu anakimbilia kusajili laini ya simu kwa alama za vidole kabla haijafungwa, na foleni nyuma yangu ilikuwa imefika barabarani. Kidole cha kumi nacho kikakataa.

"Vidole vyako havisomi, mama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Labda ujaribu ofisi kubwa."

Nikatoka nikiwa nimevifumbata viganja, kana kwamba watu wa foleni wangeweza kuona.

Tangu Agosti nilikuwa nameza vidonge vya kapesitabini, wiki mbili kumeza, wiki moja kupumzika. Titi langu la kushoto lilikuwa limeondolewa Juni. Niliambiwa mapema kwamba viganja na nyayo vitawaka moto na ngozi itachubuka, na kweli, kwa majuma kadhaa nilishika kikombe cha chai kwa kitambaa na kutembea ndani kama mtu anayekanyaga changarawe. Sikuambiwa kwamba dawa hiyo hiyo inaweza kufuta mistari ya vidole. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 2009 madaktari wa Singapore waliandika katika jarida la tiba ya saratani habari za mzee wa miaka 62 aliyekuwa akitumia kapesitabini. Alifika Marekani, vidole vyake vikakosa alama, na maofisa wa uhamiaji wakamzuia kwa saa 4. Simjui jina, lakini siku niliyosoma habari zake nilihisi nimepata ndugu.

Mistari ile huumbika tungali tumboni, mimba ikiwa na kati ya miezi 3 na 6, na hata mapacha wa kufanana hutofautiana vidole. Ndiyo maana serikali na benki huiamini kuliko uso. Vidole vyangu vya zamani vilikuwa vimehifadhiwa tangu nilipojiandikisha kitambulisho cha taifa, miaka kadhaa kabla sijaugua. Mashine ilimtafuta mwanamke yule, ikanikuta mimi.

Usiku ule nilimkumbuka bibi. Bibi mzaa mama alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge huko Muheza, na siku ya mshahara karani alifungua kikasha cha wino wa zambarau, bibi akachovya dole gumba, akalibandika kwenye daftari, akajifutia kwenye pindo la kanga. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi aliingia darasa la jioni mpaka akajua kuandika jina lake lote. Mama anasimulia kwamba karani alifurahi, akamwekea kalamu. Bibi akaisogeza pembeni, akachovya dole. "Jina mtu anaweza kukuandikia," alisema. "Dole hakuna wa kukuwekea." Nimelikulia neno hilo. Sasa nilikuwa nimekaa kitandani Dar es Salaam na madole mawili ambayo hayakuweza kuniwekea hata mimi mwenyewe.

Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka kwenye karakana ya kuchapa picha. Alikuwa amechoka kunikuta nimelala mchana, nami nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana. Karakana ilikuwa ndani ya kontena la meli lililotobolewa madirisha, mezani kuna vioo, rola za mpira, makopo ya wino, na kwenye kona mashine ndogo ya kuchapia yenye usukani wa chuma. Fundi tulimwita Mzee. Alikuwa wa kizazi kilichojifunzia Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na alipenda kutukumbusha kwamba George Lilanga, ambaye picha zake leo ziko duniani kote, aliingia pale kama mlinzi wa usiku.

Zoezi la kwanza halikuhitaji kipaji. Unaweka wino kidogo juu ya kioo, unautandaza kwa rola mpaka uusikie. Mzee alitufundisha kusikiliza kwanza: wino ukiwa mwingi rola hunata na kubanduka kwa kishindo, ukitosha hutoa sauti nyembamba kama mvua ya mbali juu ya bati. Kisha unapaka kiganja, unakandamiza karatasi, unainua kwa mara moja bila kuburuta.

Karatasi za wenzangu zilijaa mistari. Ukiinama uliona kwenye kila ncha ya kidole duara ndani ya duara, kama maji yaliyoangukiwa na kokoto. Yangu ilikuwa na mifereji mikubwa ya kiganja na mikunjo ya viungo vya vidole, lakini ncha zote tano zilikuwa nyeusi tii, laini, kama kokwa za ukwaju.

"Wino mwingi, mama. Punguza."

Nikapunguza. Zikatoka vilevile.

"Punguza tena."

"Mzee, si wino. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya saratani."

Mpaka siku ile nilikuwa sijalitamka neno hilo mbele ya mtu nisiyemjua. Mzee hakusema pole. Aliishika karatasi kwa ncha mbili, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu. Akarudi. "Hii usiitupe," alisema. "Andika tarehe." Akanipa penseli. Nikaandika chini kulia: 18/1/2020.

Nimepewa maneno mengi tangu niugue. Wapo waliosema nimshukuru Mungu, wapo walioniletea majani ya kuchemsha, wapo waliolia mpaka nikawabembeleza mimi. Mzee alinipa penseli, na sijui kama yeye mwenyewe anafahamu alichonifanyia. Kidole kisichosoma, ambacho kwenye kaunta kilikuwa kasoro ya kurudishwa nyumbani, kwenye karatasi kilikuwa kitu kilichotokea siku fulani kwa mtu fulani. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilichapa kiganja kimoja na kukiandikia tarehe.

Baada ya viganja tukaanza kuchonga. Lino, ubao laini wa kuchongea chapa, ni ghali na haipatikani kirahisi, hivyo tulitumia vipande vya mpira wa sakafu na mbao nyembamba. Unachora, unachonga kwa patasi ndogo, na palipochongwa hapapokei wino, panabaki peupe. Unatandika karatasi juu na kusugua. Wengi walisugua kwa kijiko, mimi nilichukua upawa kutoka jikoni kwangu, kwa sababu mgongo wa kifuu kilichokwisha kuteleza kwa mafuta na miaka hauchani karatasi hata ukikandamiza kwa nguvu zote.

Mzee alitaka kila mtu ajichore. Nyumbani kwangu kioo cha chumbani kilikuwa kimefunikwa kanga tangu nitoke hospitali. Nilikuwa nimejizoeza kuvaa bila kujitazama: sidiria kwanza, ndani yake kanga iliyokunjwa mara nane upande wa kushoto, halafu blauzi pana. Jumapili moja nilifunga mlango, nikaiondoa kanga kwenye kioo, nikakaa kwenye kigoda na penseli. Nilianza na mabega kwa sababu mabega hayakuwa na neno. Nikashuka. Nilipofika kifuani nilisimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Ilinichukua alasiri nzima, na nikaona kitu nilichokuwa sijakifahamu: tangu Juni bega langu la kushoto lilikuwa limeshuka kwa mbele, linakilinda kifua. Sikuwahi kuliagiza.

Sasa, chapa hugeuza. Ukichonga mkono wa kulia, karatasini unatoka wa kushoto. Anayeanza husahau na kuandika jina lake, likatoka kinyumenyume. Nilikuwa nimejichora kama nilivyojiona kwenye kioo, na kioo nacho kilikuwa kimekwisha kunigeuza, kwa hiyo chapa ikanigeuza mara ya pili na kunirudisha. Mwanamke aliyekuwa kwenye karatasi nilipoibandua hakuwa yule wa kwenye kioo. Alikuwa mimi kama anavyoniona mtu aliyesimama mbele yangu. Nilikaa naye muda mrefu. Miezi yote ile nilikuwa na hofu ya jinsi watu watakavyoniona, na nilikuwa sijawahi kusimama upande wao nikatazama. Nilipotazama, jambo la kwanza lililonijia si kifua. Niliona mwanamke amechoka na bega lake limeshuka, na nikamwonea huruma ambayo kwa mwili wangu mwenyewe nilikuwa nimeshindwa kuipata.

Kovu nilikuwa nimelichonga, kwa hiyo lilitoka kama mstari mweupe katika kifua cheusi. Wenzangu waliisifu sana ile picha. Mmoja akasema ni mwanga unaoingilia pale kisu kilipopita, na mimi nililibeba neno hilo wiki nzima kwa furaha. Kisha nikaanza kulitilia shaka. Nilikuwa naoga, nikapitisha kidole juu ya kovu lenyewe. Halikuwa mfereji. Lilikuwa limeinuka kama mshono wa gunia, gumu kidogo kuliko ngozi ya pembeni, lenye mafundo mawili karibu na kwapa. Picha yangu nzuri ilisema pale pana pengo, na kidole kikasema pale pana kitu. Nilikiamini kidole.

Karakana ilikuwa na kabati la vitabu vichakavu, na ndimo nilimokutana na Wangechi Mutu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Kati ya 2004 na 2006 alichukua michoro 12 ya kitabibu ya zamani, ile inayoonyesha uvimbe na maradhi ya viungo vya uzazi vya mwanamke, akabandika juu yake vipande alivyokata magazetini, macho, midomo, nywele, akaongeza vitu vya kumetameta, mpaka kila ugonjwa ukapata uso. Nyuso zenyewe zinatisha na zinavutia kwa pamoja. Nilizielewa papo hapo. Wodini nilikuwa namba ya kitanda, na asubuhi moja daktari aliyekuja na wanafunzi alifunua shuka bila kunisalimia, akawaonyesha mshono, akaueleza vizuri sana, akafunika, wakahamia kitanda kingine. Katika maelezo yake mshono ule haukuwa na mwenyewe. Mutu alimrudisha mwenyewe kwenye ukurasa, tena akamweka akukazie macho.

Lakini aliyenifanya nishike mkasi ni mama mwingine wa Kenya, Rosemary Karuga, aliyezaliwa 1928. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa mwalimu wa shule muda mrefu. Alipostaafu ndipo alipoirudia sanaa, na kwa kuwa rangi zilikuwa ghali akakata makaratasi ya sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akayabandika kipande kimoja kimoja mpaka yakawa watu, wanyama na vijiji. Ukizitazama picha zake unaona vipande vidogo kama vya kucha, vingi mno, kila kimoja kimeelekezwa mahali pake. Nilijiuliza mikono ile ilikuwa na subira gani. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la Harlem, New York.

Karatasi sikukosa. Ugonjwa una karatasi nyingi: risiti, kadi za kliniki, majibu ya maabara, maelezo ya dawa yaliyokunjwa mara kumi na mbili kwa maandishi ya sisimizi, vibao vya vidonge vyenye matundu yaliyokwisha tumbuliwa. Nilivileta vyote kwenye mfuko wa rambo, nikachanganya na pasipoti saizi zangu za zamani na ile kanga ya kukunja mara nane, ambayo ilikuwa imepauka pindo na jina lake limebaki nusu. Mkasi uliniwia mgumu kwenye picha. Kila nilipoufungua kwenye uso wangu mkono uligoma. Nikaanza kuchana kwa vidole. Karatasi iliyochanwa haiachani kwa mstari mnyoofu, inabakiza ukingo mweupe wenye nyuzi, na kingo hizo nilizipenda kwa sababu hazikujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Kolaji, ndilo jina la picha hizo za kubandika; mende wakala pembe moja ya ile ya kwanza usiku mmoja, na tangu hapo nikachanganya gundi na karafuu iliyosagwa.

Nilitengeneza nyingi. Baadhi ni mbaya, nimezichana. Nilichojifunza humo ni kidogo lakini nimekishika: kila nilipojaribu kuuunganisha upya mwili wa zamani, kubandika kifua kamili kutoka gazetini juu ya kifua changu, picha ilikufa. Ilikuwa na kila kitu, na haikuwa ya mtu. Ile iliyosimama ni ya kibao cha vidonge nilichokibandika pale titi lilipokuwa, na matundu yake 10 yaliyotumbuliwa yakawa yanang'aa kama vifungo. Hivyo ndivyo mwili wangu ulivyokuwa mwaka ule. Nusu ya mwili wangu ilikuwa dawa.

Mzee alipoziona akaniuliza kama najua kolagrafu. Ni ndoa ya kolaji na chapa: unabandika vitu kwenye boksi gumu, kitambaa, nyuzi, majani, unavipaka vanishi mpaka vikauke kabisa, unapaka wino, unafuta wa juujuu kwa kitambaa, unaweka karatasi iliyoloweshwa na blanketi juu yake, halafu unazungusha usukani. Wino hubaki umekusanyika pembezoni mwa kila kilichoinuka, na karatasi yenyewe huumuka, inabeba umbo. Yaani kinyume cha kuchonga. Huondoi kitu kwenye bamba, unaongeza.

Nilitengeneza kiwiliwili. Bega la kushoto nililishusha kama lilivyo. Ngozi nikaifanya kwa kipande cha ile kanga, titi la kulia kwa gunia la mchele, tumbo kwa karatasi ya majibu ya maabara iliyokunjwakunjwa. Kwa kovu nilihangaika. Uzi wa cherehani ulikuwa mwembamba mno, kamba ya nailoni ilikataa gundi. Mama alikuwa ameniletea kutoka Muheza fungu la singa za mkonge la kusukia kamba ya kuanikia. Nikachomoa singa tatu, nikazisokota, nikafunga mafundo mawili karibu na kwapa, nikazibandika kwa mshazari.

Usukani wa mashine ile ni mzito, na mkono wa upande uliopasuliwa hauna nguvu zake za zamani. Mzee alitaka kunisaidia, nikamwomba aache. Nilizungusha kwa kifua na mgongo mpaka bamba likatokea upande wa pili. Nikakunja blanketi, nikainua karatasi kutoka kwenye pembe. Kovu lilikuwa mstari mweusi kuliko yote. Singa zilikuwa zimejichora moja moja, na ukipapasa lilikuwa limeinuka. Juu ya karatasi ile niliona kwa mara ya kwanza kwamba kovu ni kazi ya mwili wangu. Madaktari walikata na kushona, nyuzi zao zikatolewa baada ya siku kadhaa. Kilichobaki kilisukwa na mimi, ndani, usiku, nikiwa nimelala, bila kujua kusuka.

Vidonge nilimaliza Februari. Viganja vya Jumamosi viliendelea. Machi kokwa za ukwaju zilianza kupata ukungu, Aprili kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikatoa mistari minne mitano upande mmoja, kama mawimbi yanayofika ufukweni bila haraka. Ngozi ya chini huikumbuka ramani yake na kuipandisha upya. Dole gumba lilichelewa kuliko vidole vyote. Laini ya simu niliisajili baadaye, kwa kidole hicho hicho cha mwisho, na nilipotoka nje nilisahau hata kufurahi kwa sababu nilikuwa nawahi karakana.

Mama alikuwa amekaa nami tangu upasuaji. Alinipikia, alinifulia, alinishika mkono ngazini. Nilipobadilisha nguo aligeukia dirishani, nami sikumlaumu. Siku niliyoileta ile chapa nyumbani alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Niliiweka mezani mbele yake bila neno. Akajifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani.

"Huu ni mkonge," alisema baada ya muda.

"Ndiyo, mama. Ule ulioniletea."

Akaisogeza karibu. Mtoto wa kibarua wa mkonge huwezi kumficha singa. Akahesabu moja, mbili, tatu. Akayaona mafundo.

"Linauma?" aliuliza. Miezi 11, na hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza juu ya kifua changu.

"Mvua ikitaka kunyesha."

Aliigeuza karatasi upande wa nyuma, ambako hakuna wino ila umbo tu, akaweka dole gumba lake pale penye kwapa, akalipitisha polepole juu ya mstari, fundo la kwanza, fundo la pili, mpaka mwisho wake.